Kadi ikiomba kufomatiwa, usikimbilie kubonyeza "Ndiyo"

Wiki hii tunaanza na barua ya mama mmoja wa Morogoro. Swali lake tumeshalipata kwa sura nyingi, lakini safari hii limekuja na uzito wake.

Anaandika kwamba simu ya mumewe iliingia maji ikazima moja kwa moja. Wakachomoa memori kadi iliyokuwa ndani, ya GB 64, wakaiweka kwenye simu nyingine ya hapo nyumbani. Simu hiyo ikaandika kwamba kadi ina hitilafu, ikatoa kitufe cha kuifomati. Kijana wao wa sekondari akataka kubonyeza, akisema ndivyo kadi zinavyotengenezwa. Mama akamzuia. Ndani ya kadi hiyo kuna sauti ya marehemu baba mkwe wake, aliyerekodiwa kwa karibu saa nzima akiwasimulia wajukuu ukoo wao ulikotoka, nani kamzaa nani, na mashamba yaligawanywaje. Nakala nyingine hakuna. Anauliza afanye nini sasa, na kadi ya namna hii ilipaswa kufomatiwa vipi tangu mwanzo ili familia isifike hapa.

Mama, kumzuia kijana ndilo jambo la kwanza na kubwa, nawe umeshalifanya. Simu inaposema "kadi ina hitilafu" haimaanishi kwamba kadi imekufa. Maana yake ni kwamba simu hiyo imeshindwa kuelewa kilichoandikwa ndani yake. Mtu asiyejua Kiarabu ukimpa barua ya Kiarabu atakwambia haisomeki, na barua ni nzima. Simu haina lugha ya kukueleza tofauti hiyo, kwa hiyo inapendekeza kufuta na kuanza upya.

Sababu zinaweza kuwa tatu. Ya kwanza, kadi ni nzima na imefomatiwa kwa namna ambayo simu ya pili haiifahamu. Ya pili, simu ya mzee iliigeuza kadi kuwa sehemu ya kumbukumbu yake ya ndani, ikaifunga kwa ufunguo. Ya tatu, kadi kweli imeharibika. Namna ya kuzitenganisha ni kuichomeka kadi kwenye kompyuta kwa kutumia kisomea kadi, kile kidude kidogo cha USB kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Kompyuta nayo ikiuliza kama unataka kufomati, jibu "Hapana". Ikifungua na mafaili yakaonekana, nakili kila kitu kwanza, mazungumzo yafuate baadaye.

Kompyuta isipoonyesha kitu, msiitupe ile simu iliyoingia maji. Nitaeleza sababu hapa chini, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi hupoteza kila kitu bila kujua.

Kufomati ni nini hasa

Fikiria ghala la nafaka lenye mamia ya magunia na daftari moja mlangoni. Daftari linasema gunia la mahindi ya nani liko mstari upi, na nafasi ipi iko wazi. Memori kadi iko hivyo hivyo. Picha, nyimbo na video ni magunia, na daftari ndilo linaloitwa mfumo wa mafaili. Kufomati, au kuumbiza kama baadhi ya simu zinavyoandika, ni kuweka daftari jipya tupu mlangoni. Aina ya fomati unayochagua ni namna daftari hilo linavyoandikwa. Kifaa kinachojua uandishi huo kitalisoma, kisichoujua kitasema ghala limeharibika.

Kwa matumizi ya nyumbani kuna majina matatu ya kukumbuka.

FAT32 ndiyo kongwe kati ya zile zinazotumika sana kwenye kadi. Ilitoka mwaka 1996 pamoja na toleo la Windows 95 la wakati huo, nayo ni mtoto wa FAT ya miaka ya 1970. Faida yake kubwa ni kwamba karibu kila kifaa kinaifahamu: redio za mezani, redio za gari, sabufa, simu ndogo za vitufe, kamera za zamani, televisheni na kompyuta za kila aina. Kasoro yake ni moja, lakini ni nzito: faili moja haliwezi kufika GB 4. Kadi inaweza kuwa na GB 50 tupu, na bado faili la GB 5 likakataa kuingia.

exFAT ililetwa na Microsoft mwaka 2006 mahsusi kwa flashi na memori kadi. Iliondoa ule ukomo wa GB 4, na faili moja linaweza kuwa kubwa kuliko kadi yoyote utakayonunua. Kasoro yake ni kwamba vifaa vingi vya zamani na vya bei nafuu haviifahamu. Kwa miaka mingi mtengenezaji wa simu au redio alitakiwa kupata leseni kutoka Microsoft na kuilipia ndipo aiweke. Wengi wa simu za bei ya chini waliiacha. Mambo yalilegea mwaka 2019, Microsoft ilipochapisha hadharani maelezo ya exFAT na kuruhusu iingie kwenye Linux, ambayo ndiyo msingi wa Android. Ndiyo maana simu mpya leo kwa kawaida huisoma, na simu ya miaka kumi iliyopita inaweza kuikataa kadi ile ile.

NTFS ni ya kompyuta za Windows tangu mwaka 1993. Ni nzuri kwa diski ya kompyuta. Kwenye memori kadi usiichague, labda kadi hiyo iwe ya kompyuta za Windows peke yake. Redio, kamera na simu nyingi haziijui, na kompyuta za Mac huisoma bila kuweza kuandika juu yake.

Herufi zilizo juu ya kadi

Huhitaji kukariri mengi, kwa sababu kadi yenyewe inakwambia. Kadi za SD zilianzishwa mwaka 1999 na kampuni tatu, SanDisk, Panasonic na Toshiba, na umoja unaosimamia kanuni zake umepanga fomati kwa ukubwa. Kadi iliyoandikwa SD tupu ina hadi GB 2, na hutumia FAT za kale zaidi. Iliyoandikwa SDHC, au herufi HC, ni ya zaidi ya GB 2 hadi 32, na hutoka kiwandani ikiwa na FAT32. Iliyoandikwa SDXC, au XC, ni ya zaidi ya GB 32 hadi TB 2, nayo hutoka na exFAT.

Hapo ndipo kiini cha malalamiko mengi. Mtu ana redio inayosoma kadi ya GB 16 vizuri kabisa. Ananunua ya GB 64 ili aweke kaswida na nyimbo nyingi zaidi, redio inakaa kimya, naye anarudi dukani kugombana. Kadi si mbovu na redio si mbovu. Kadi imekuja na daftari la exFAT na redio inajua FAT32 tu.

Chagua kwa kuangalia kifaa dhaifu kuliko vyote

Swali la kujiuliza kabla ya kufomati ni hili: kadi hii itasomwa na vifaa gani, na kipi kati ya hivyo ndicho cha zamani zaidi? Fomati inayokubaliwa na hicho cha zamani ndiyo yako, mradi hutaweka faili la kufika GB 4.

Kwa redio ya bibi, gari au sabufa, chagua FAT32. Nyimbo na mawaidha ni mafaili madogo, ukomo wa GB 4 hautakusumbua kamwe. Nunua kadi ya GB 32 au chini yake, utaondokana na shida nzima. Ukiwa na ya GB 64 tayari, inawezekana kuifomati FAT32. Dirisha la kawaida la kufomati kwenye Windows limezoea kutotoa chaguo hilo kwa kadi inayozidi GB 32, na watu hudhani haiwezekani. Ukomo huo ni wa dirisha, FAT32 yenyewe inabeba hadi TB 2. Programu ya bure kama Rufus itakufanyia, na mara nyingi redio hukubali, ingawa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya SDHC hakilazimiki kukubali kadi ya XC.

Kwa kurekodi harusi, mahafali au arusi ya mkeka nyumbani, chagua exFAT, ukihakikisha kamera au simu inaikubali. Video ya HD kamili kwenye simu nyingi hula karibu MB 130 kwa dakika, kwa hiyo GB 4 hujaa kwa nusu saa hivi. Ukirekodi kwa ubora wa 4K, hata robo saa haifiki. Kwenye kadi ya FAT32 kamera nzuri itakata faili na kuanza jingine yenyewe, na baadaye utaona sherehe moja imegawanyika vipande vitatu au vinne. Kifaa kisicho na uangalifu huo kitasimamisha kurekodi, na huenda ni wakati ule ule bwana harusi anavishwa pete.

Kwa kuhamisha filamu ndefu kutoka kompyuta kwenda televisheni, jaribu exFAT kwanza. Televisheni ikikataa, rudi FAT32 na utafute nakala ya filamu isiyofika GB 4.

Kwa simu ya Android inayotumiwa kila siku, usiifomati kwenye kompyuta. Acha simu yenyewe ifomati kupitia mipangilio ya hifadhi, nayo itachagua inachokifahamu. Kwa kamera ni hivyo hivyo: kamera ina mpangilio wake wa folda, na hupenda kujipangia.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu exFAT. FAT32 kwa kawaida huweka daftari lake nakala mbili, exFAT huweka moja. Zote mbili hazina kumbukumbu ya kazi iliyokatika katikati. Ukichomoa kadi wakati kifaa bado kinaandika, au umeme ukikatika kwenye kompyuta, daftari linaweza kuchanika. Kwa hiyo zima kifaa kwanza, au bonyeza kitufe cha kuondoa kwa usalama, ndipo uchomoe. Ni sekunde chache tu.

Mtego wa "kumbukumbu ya ndani"

Sasa turudi kwenye ile simu isiyotupwa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu nyingi zikiwekewa kadi mpya huuliza swali: unataka kuitumia kama hifadhi ya kubebeka, au kama sehemu ya kumbukumbu ya ndani? Mwenye simu iliyojaa huona chaguo la pili kama neema, kwa sababu litampa nafasi ya programu zaidi. Hakuna anayemweleza gharama yake.

Ukichagua kumbukumbu ya ndani, simu inaifomati kadi kwa namna ya Android yenyewe na kuifunga yote kwa ufunguo wa siri. Ufunguo huo hauko kwenye kadi. Uko ndani ya simu. Ukiitoa kadi na kuiweka kwenye simu nyingine au kompyuta, hakuna kitakachosomeka, hata kwa fundi hodari. Kadi na simu hiyo vimefungishwa ndoa, na simu ikifa kadi inabaki mjane asiyezungumza na mtu.

Kwa hiyo, mama, kompyuta isiposoma kadi, muulize mumeo kama aliwahi kuchagua hivyo. Kama ndivyo, tumaini lenu liko kwenye ile simu. Mpelekeeni fundi anayejua kusafisha simu iliyoingia maji, na mwambieni wazi kabla hajaanza: lengo ni kuiwasha hata kwa siku moja ili mafaili yatoke, simu kuuzika baadaye si muhimu. Asii-riset wala asiiwekee programu upya, kwa sababu kufanya hivyo kunafuta ufunguo, na ufunguo ukifutika sauti ya mzee imeondoka nao. Mafundi wengi huanza na riset kwa mazoea, wakidhani wanasaidia. Hilo lisemwe kwa mdomo, na ikiwezekana liandikwe kwenye karatasi ya kupokelea simu.

Kwa wasomaji wengine: picha na sauti za familia zisikae kwenye kadi ya aina hiyo. Simu ikiuliza, chagua hifadhi ya kubebeka.

Mtu akishafomati kwa bahati mbaya

Kufomati kwa haraka hubadilisha daftari tu. Magunia yenyewe bado yamo ghalani mpaka mengine yawekwe juu yake. Kwa hiyo mtoto akishabonyeza "Ndiyo", acha kuitumia kadi dakika hiyo hiyo. Usipige picha nyingine hata moja. Itoe, uiweke pembeni, kisha tumia kompyuta yenye programu ya kurudisha mafaili. PhotoRec ni ya bure na inajulikana kwa kazi hiyo. Mafaili yanayookolewa yahifadhiwe kwenye kompyuta, yasirudishwe kwenye kadi ile ile. Majina ya mafaili yatapotea, na si yote yatarudi mazima, lakini wengi wamepata picha zao kwa njia hii. Njia hii haisaidii kadi iliyofungwa kwa ufunguo, kwa hiyo msiichanganye na ile ya hapo juu.

Ukweli huo huo una upande wa pili. Ukiuza simu na kadi yake, au ukimpa jirani kadi uliyoifomati kwa haraka, anaweza kuzirudisha picha zako za chumbani, za watoto wako na za vitambulisho vyako. Kabla ya kuigawa, ifomati kwenye kompyuta bila kuchagua ile ya haraka. Windows za miaka ya karibuni huandika sifuri juu ya kadi nzima, na kazi hiyo huchukua muda. Kadi yenye siri nzito, usiiuze kabisa.

Kabla hujaweka chochote cha thamani

Kadi mpya ijaribiwe kwanza. Kuna kadi bandia zilizoandikwa GB 128 na ndani mna GB 8. Zimerekebishwa zitangaze ukubwa wa uongo, na hupokea mafaili bila kulalamika huku yakipotea. Kuangalia ukubwa kwenye simu hakutoshi, kwa sababu hapo ndipo uongo ulipo. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza kadi na kuisoma tena kwenye Windows. Usipokuwa na kompyuta, ijaze video mpaka iwe pomoni, kisha fungua zile za mwisho uone kama zinacheza. Fanya hivyo ndani ya siku ambazo duka linakubali kurudishiwa.

Msichanganye hilo na upungufu wa kawaida. Kadi halali ya GB 64 itaonekana kama GB 59 hivi kwenye Windows. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows huhesabu zaidi ya hapo kidogo. Hujaibiwa.

Mwisho kabisa, hakuna fomati inayogeuza memori kadi kuwa sanduku la kuhifadhia urithi. Ni kitu kidogo kuliko ukucha, kinapotea kwenye mfuko wa suruali, na huchoka kwa kuandikwa na kufutwa. Sauti ya mzee, video ya ndoa, picha ya mtoto siku aliyozaliwa, vyote viwe na nakala tatu: moja kwenye kadi au simu, moja kwenye kompyuta au diski ya nje, na moja nje ya nyumba, kwa ndugu wa mkoa mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tenga siku moja ya mwezi, labda ile ya kulipia king'amuzi ili usiisahau, na mpe kazi hiyo kijana wa nyumbani anayependa simu. Kijana wa Morogoro aliyetaka kubonyeza "Ndiyo" ndiye hasa anayefaa, akishaelezwa.

Tuandikieni kuhusu vifaa vinavyowasumbua nyumbani. Wiki ijayo tutazungumzia chaja na betri, na kwa nini simu huchemka usiku chini ya mto.